Tunavyong'oa mimea vamizi Mabira: mwongozo kwa anayetaka kujitolea

Ukipita Mabira kwa basi unaona ukuta wa kijani pande zote mbili za barabara, mnasimama Najjembe, unanunua gonja na mguu wa kuku dirishani, dakika kumi mmeondoka na msitu umebaki nyuma. Mimi nimepita hivyo miaka mingi sana nikienda Kampala na kurudi Jinja, na sikuwahi kujiuliza ule ukijani ni wa mti gani. Siku niliyoingia kwa miguu na mzee mmoja wa kijiji cha jirani ndiyo niliona. Alishika jani, akalikwaruza kwa kucha, akaniambia, "Hili si la kwetu, kijana. Huu mti ukishakaa mahali, mvule haipati nafasi tena." Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, ni mti ule ule, mmoja tu, mpaka macho yanapoishia.

Mti wenyewe ni mforosadi wa karatasi, kwa jina la kitaalamu Broussonetia papyrifera. Asili yake ni Asia ya Mashariki, huku uliletwa kwa mawazo ya kutengeneza karatasi, na leo umejaa Mabira na msitu wa Budongo. Unakua haraka, unapenda jua, ndege na nyani wanakula matunda yake wanaeneza mbegu, na chini ya ardhi mizizi inatambaa na kutoa watoto kila upande. Penye pengo msituni, mahali mti mkubwa umeanguka au watu wamekata mbao, huyu anafika wa kwanza anafunga mlango.

Tangu siku ile wikendi zangu nyingi ziko huko, mimi na wenzangu wa Walukuba na wengine wa Lugazi. Naandika kwa sababu watu wanauliza tunaanzaje, na wengine wameshaanza vibaya, yaani wameingia na mapanga, wamekata asubuhi nzima, wamepiga foto, wamerudi nyumbani, na baada ya miezi mitatu pale walipokata pamefunga kuliko mwanzo, kila kisiki kimoja kimetoa fimbo kumi. Kwa hiyo nakwambia mapema kabla hujanunua hata glavu: kukata ni kazi ndogo, kazi ni kurudi. Kama hamtaweza kurudi mahali pale pale mara nne au tano kwa mwaka, kwa miaka kadhaa, msiguse, waachieni wanaoweza, au jiungeni nao.

Ruhusa kwanza, panga baadaye

Mabira ni msitu wa hifadhi wa serikali kuu, uko chini ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, na sheria ya misitu na upandaji miti ya 2003 inakataza mtu kukata au kutoa kitu humo bila kibali. Haijalishi kwamba unachokata ni mti mbaya. Patroli ikikukuta humo ndani inaona panga, nia yako haiioni.

Na watu wa vijiji wana sababu ya kuwa macho. 2007 kulikuwa na mpango wa kutoa karibu robo ya Mabira ilimwe miwa, watu wakaandamana Kampala na wengine walipoteza maisha. Sasa wewe ukija na watu ishirini wasiojulikana mnaangusha miti, mama anayeuza mboga kando ya msitu atafikiria nini?

Nenda ofisi ya NFA inayosimamia eneo hilo na barua. Isiwe barua ya sifa na maneno mengi, iandike mambo haya tu: nyinyi ni akina nani, mko wangapi, mnataka kung'oa mmea gani, sehemu gani, kwa vifaa gani, tarehe zipi, na mtarudi lini na lini. Hiyo ya kurudi ndiyo wanaiangalia sana, manake wameshaona wengi wa siku moja. Omba mfanyakazi wao aende nanyi, na siku zote awepo, siyo siku ya kwanza tu.

Halafu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Nenda mwenyewe, keti, salimia, eleza, usitume meseji. Muulize pia kama kijiji kina kikundi cha kusimamia msitu kwa makubaliano na NFA, vijiji vingi kando ya Mabira vinavyo, na hao ndio walimu wako. Sisi tulipoanza tulidhani tunakwenda kuwasaidia, kumbe wao walikuwa wanang'oa hiyo miti kwenye mashamba yao ya kahawa siku nyingi na wanajua mizizi inakimbilia wapi. Tangu tulipoanza kwenda nao kazi imekuwa nusu.

Kama unataka kufanya kazi hii Queen Elizabeth, Kibale au Murchison Falls, hizo ni hifadhi za wanyama, unaenda kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori, na humo huendi hatua bila askari wa mbuga mwenye bunduki. Sitaingia sana huko.

Chagua kipande kidogo, halafu kipunguze tena

Mabira ina kilomita za mraba 300 na zaidi. Wewe chukua mita 20 kwa 20. Kweli, hiyo inatosha kabisa kwa watu kumi na watano kwa asubuhi moja, na mkimaliza vizuri mtakuwa mmechoka. Piga vigingi vinne, zungusha kamba ya katani, kila mtu aone mpaka. Watu wakifanya kazi bila kamba wanatawanyika, huyu anavuta mche hapa, yule anaona mwingine kule, saa sita mmeharibu kila mahali hamjamaliza popote.

Sasa wapi? Hapa ndipo moyo unakudanganya. Ukifika unataka kushambulia pale pabaya kabisa, pale miforosadi imesongamana mpaka hupiti. Acha. Anzia pale msitu bado ni mzima, ambapo kuna miche michache tu ya mgeni katikati ya miti ya asili, safisha hapo, halafu sogea taratibu kuelekea palipoharibika. Sababu ni hii: palipo na msitu mzima kuna kivuli, kuna mbegu za asili ardhini, ukitoa wageni wachache msitu wenyewe unaziba pengo. Palipojaa wageni ukifyeka wote kwa mara moja unabaki na uwanja wa jua na udongo uliochimbuliwa, na nani anapenda jua na udongo uliochimbuliwa? Yeye yule. Umemlimia shamba.

Nilichukua muda mrefu kukubali hili, nilikuwa naona kama tunakimbia kazi ngumu.

Siku gani, saa ngapi

Kung'oa kwa mkono kunataka udongo laini, kwa hiyo sisi tunakwenda wakati wa mvua, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, ila siyo siku yenyewe ya mvua kubwa, siku moja au mbili baada yake. Mche wa goti unatoka na mzizi wake wote kama karoti. Kiangazi mche ule ule unakatikia mkononi, mzizi unabaki, kazi bure. Kiangazi tunakwenda kuhesabu na kukagua tu.

Mwe mmefika saa mbili asubuhi, saa nane mchana mmetoka. Msituni giza linaingia mapema kuliko barabarani, na mtu aliyechoka ndiye anayejikata.

Vifaa, na mambo ya usalama

Jembe la kawaida, jembe uma, panga mbili au tatu tu kwa kikundi chote, msumeno wa kupogolea, magunia, kamba, maji ya kunywa jerikeni nzima, sanduku la huduma ya kwanza. Kila mtu glavu ngumu, gumbuti, suruali ndefu, mikono mirefu. Asiye na gumbuti haingii, hata awe amekuja kutoka mbali. Ni kweli inauma kumwambia mtu hivyo, kwa hiyo beba jozi tatu nne za ziada.

Panga nyingi kwenye kikundi cha watu wapya ni hatari na hazihitajiki, mche unavutwa haukatwi. Mwenye panga akae mbali na mwenzake, mbali ya kutosha kwamba hata wote wawili wakinyoosha mikono na mapanga yao hayagusani, na wakati wa kutembea panga liko kwenye ala.

Siafu, yaani ensanafu, ndio watakusumbua zaidi. Ukiona mstari wao unavuka njia ruka, usisimame hapo kuongea. Wakikupanda toka kwenye mstari wao kwanza ndio uanze kuwatoa. Nyoka wapo, mara nyingi wanakimbia wenyewe wakisikia miguu, lakini usitie mkono chini ya gogo au kwenye rundo la majani bila kupiga fimbo kwanza. Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, mlaze atulie, mguu au mkono ule usitikisike, na apelekwe hospitali mara moja. Iliyo karibu na Najjembe ni ya Kawolo pale Lugazi. Gari au boda ya kumpeleka ijulikane kabla hamjaingia msituni, na namba ya dereva wawe nayo watu wawili.

Na safisha viatu. Kabla ya kuingia na wakati wa kutoka, brashi na maji, toa udongo wote kwenye soli, manake mbegu zinasafiri humo. Mtu anayetoka shambani kwake penye magugu akaja moja kwa moja msituni amekuja na mbegu mfukoni bila kujua.

Ujue mti kabla ya kuushika

Hapa soma polepole.

Siku yetu ya kwanza kabisa mimi ndiye niliyewaelekeza watu. Niliwaambia: vunja kikonyo cha jani, ukiona utomvu mweupe, na jani lina mkwaruzo na kingo zake zina meno, ng'oa. Wakang'oa kwa bidii asubuhi nzima. Saa sita yule mzee akaja kwenye rundo letu, akachuchumaa, akaanza kuchagua. Hakusema neno. Akatoa mche mmoja akaulaza pembeni, wa pili, wa tatu, akaupanga kwa mstari juu ya jani la mgomba, mpaka ikafika kumi na moja. Yote ilikuwa mivule. Mingine ilikuwa na shina jembamba kama penseli, ina majani sita, mzizi mrefu umenyooka na udongo bado umeshika. Mvule ambayo watu wanaitafuta nchi nzima, imeota yenyewe bila kupandwa, nasi tumeitoa. Akasema tu, "Hawa ni ndugu, wanafanana, lakini siyo kitu kimoja." Tulijaribu kuirudisha ardhini jioni ile. Mwezi uliofuata ilikuwa imebaki hai miwili.

Na ni ndugu kweli, mforosadi, mvule, kirundu, hata mutuba ule wa kutengenezea nguo za gome, wote ni ukoo mmoja, ndiyo maana wote wana utomvu mweupe. Kwa hiyo utomvu peke yake haukwambii kitu. Angalia haya.

Geuza jani uangalie chini, pale jani linapoungana na kikonyo. Mforosadi una mishipa mitatu mikubwa inayoanzia hapo hapo mahali pamoja, mmoja katikati na miwili inakwenda pembeni, kama vidole. Mvule una uti mmoja katikati, na mishipa midogo mingi iliyonyooka inatoka pande mbili sambamba, kama mifupa ya samaki. Mche wa kirundu nao una uti mmoja, jani refu refu lenye manyoya.

Halafu angalia mti mzima usiangalie jani moja. Mforosadi mchanga una majani ya sura tofauti kwenye tawi lile lile, hili limekatika mara tatu au tano kwa kina, lile limekatika upande mmoja tu, jingine ni zima lina umbo la moyo. Mvule haikatiki hivyo hata siku moja. Tena pitisha kidole: juu ya jani la mforosadi ni kama msasa, chini ni laini lina manyoya ya kijivu kama blanketi la mtoto, na vitawi vichanga pia vina manyoya.

Ukiona tunda la mviringo lenye vinyuzi vya rangi ya chungwa au nyekundu, hapo umepata mti jike. Dume linatoa maua marefu yanayoning'inia kama kiwavi. Kumbuka hii ya jike na dume, tutairudia.

Tunachofanya sasa, kila siku ya kazi inaanza na nusu saa ya majani. Tunatandika gunia, tunaweka matawi ya mforosadi upande mmoja, ya mvule na kirundu upande wa pili, kila mtu anashika kwa mkono wake na macho amefumba, halafu anafumbua anaeleza tofauti. Asiyeweza siku hiyo anabeba magunia na maji, na hiyo ni kazi ya heshima pia. Na sheria ni moja: ukiwa na shaka, funga utepe uache. Mgeni akikaa wiki sita zaidi hakuna hasara, mvule ukishang'olewa umekwenda.

Kung'oa

Mche wa chini ya goti, shika shina chini kabisa karibu na udongo, mikono miwili, vuta polepole kwenda juu, usivute kwa kushtukiza. Ukisikia unakataa, zungusha kidogo, legeza udongo na jembe uma, vuta tena. Ukitoka kanyagia udongo urudi ulivyokuwa, funika na majani makavu.

Wa unene wa kidole gumba na zaidi mara nyingi siyo mche wa mbegu, ni mtoto wa mzizi. Utajua ukichimba, unakuta chini hakuna mzizi wa kwenda chini ila kuna kamba inayolala, inapita kulia na kushoto. Hapo usikate ukaondoka. Fuata ile kamba. Mmoja anachimba kidogo kidogo, mwenzake anainua, mnakwenda nayo mpaka inapokuwa nyembamba au inapoingia chini ya mti wa asili, hapo mkate, msiharibu mizizi ya wengine. Siku moja tulifuata mmoja tukakuta watoto saba juu yake, wote tulikuwa tunawahesabu kama miti mbalimbali. Vipande vya mzizi vilivyobaki ardhini vitachipua, ndiyo, lakini vidogo na dhaifu, mtavikuta mkirudi.

Miti mikubwa

Wa kujitolea haangushi mti mkubwa. Mti unaangukia watu, unavunja miti mizuri, na unafungua anga jua liingie. Tena ukiukata tu, kisiki na mizizi vinachipua kwa hasira. Kazi hiyo inapangwa na NFA, wanaweza kumenya gome kuzunguka shina ili mti ufe umesimama polepole, au kukata na kupaka dawa ya kuua magugu kwenye kisiki kikiwa bado kibichi. Dawa hiyo isishikwe na mtu asiyefundishwa, na karibu na maji isitumike kabisa. Najua kuna watu wanaona hii ni kuchelewesha. Mimi naona ni kuheshimu mwili wa mtu.

Kazi yenu kwa miti mikubwa ni kutafuta majike. Wakati wa matunda pitieni eneo lenu, kila jike lifungwe utepe na liandikwe, halafu peleka orodha ofisini ili yaanze kutolewa hayo. Jike moja linalotoa matunda linawapa kazi ya miaka, dume halitoi mbegu.

Lakini niseme na jambo moja. Kule Budongo sokwe wa kundi la Sonso wamezoea sana kula mforosadi huu, ni chakula chao kikubwa. Kwa hiyo usichukue mwongozo huu wa Mabira ukaenda nao kule kama ulivyo. Pale mti mgeni ameshakuwa sahani ya mtu, na kuuondoa haraka ni kumnyang'anya chakula kabla hujampa kingine.

Wengine mtakaowakuta

Lantana, kayukiyuki, mnaijua wote, maua ya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, na miiba midogo. Iko pembezoni mwa msitu na njiani. Usifyeke juu. Chimba kidogo kwenye shina, kata mzizi mkuu sentimita 3 mpaka 5 chini ya udongo, chini ya pale unapochipulia, halafu geuza kichaka chote mizizi iangalie juu. Ifanye kabla haijazaa, ndege wanapenda zile tunda nyeusi. Mifugo ikila majani yake inaugua, hata wenye ng'ombe watakushukuru.

Gasiya yenye maua mengi ya njano, ile Senna spectabilis, ukikata inachipua vibaya sana. Inayofaa ni kumenya gome lote kuanzia kifuani mpaka chini kwenye udongo, kuzunguka, usiache hata utepe mmoja wa gome umebaki. Mti unakauka umesimama. Nayo kwa ruhusa.

Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua meupe madogo, limeshaingia Queen Elizabeth na linapenda kando ya barabara. Linawasha ngozi na linaleta shida ya pumzi, kwa hiyo glavu na barakoa, na mwenye pumu asilikaribie. Ling'olewe kabla ya maua. Ukiliona mahali jipya toa taarifa siku hiyo hiyo, likiwa michache bado linashindika.

Ulichong'oa unakipeleka wapi

Usikitupe chini. Mforosadi mbichi uliolala kwenye udongo wenye unyevu unashika tena. Sisi tunalaza miti miwili mikavu kama reli, tunapanga juu yake, mizizi hewani, inakauka. Midogo tunaining'iniza kwenye panda za matawi. Matunda na mbegu vinaingia kwenye gunia, gunia linafungwa, linatoka msituni na kuteketezwa nje mahali palipokubaliwa. Moto ndani ya msitu hakuna, hata wa chai. Na kavera, yaani mifuko ya plastiki, mlizokuja nazo zinarudi nanyi.

Akina mama wa kijiji wakiuliza kama wanaweza kuchukua fito zilizokauka kwa kuni, muulizeni mtu wa NFA hapo hapo, jibu litoke kwake hadharani. Kuni zikianza kutoka kwa mlango wa nyuma, kesho kuna mtu atatoa na mti wa asili kama musizi humo humo.

Kupanda

Watu wanapenda kupanda kuliko kung'oa, foto zake ni nzuri. Subirini. Mkisafisha kipande cha pembeni ya msitu mzima, ndani ya msimu mmoja mtaona miche ya asili inatoka yenyewe, nkago, lusambya, musizi, na kazi yenu ni kuipa nafasi. Pandeni tu pale ambapo baada ya mvua mbili hakuna kitu kimetoka, na miche iwe imeota kwa mbegu za msitu ule ule.

Na msidhani kuna mti mbaya kwa kuzaliwa. Musizi ni wetu, ni wa asili hapa, lakini kule Amani kwenye milima ya Usambara, Tanzania, ulipelekwa na watu ukawa ndio mvamizi, wenzetu wanahangaika nao kama sisi na mforosadi. Mti ukiwa kwao una wadudu wake na majirani wanaoubana, ukiuhamisha peke yake ndipo shida inaanza.

Kurudi

Wiki sita baada ya siku ya kwanza mnarudi. Mtakuta machipukizi, msivunjike moyo, ni kawaida, vipande vyote vya mizizi vinajaribu kwa nguvu zilizobaki. Vuteni yote. Wiki sita tena. Halafu kila miezi mitatu mpaka mwaka uishe, halafu kila msimu wa mvua. Kila mara machipukizi yanavyovutwa kabla hayajapata majani makubwa mzizi unakosa chakula, na ndiyo njia ya kuumaliza bila dawa. Kipande chetu cha kwanza safari ya pili tulijaza magunia tisa, safari ya sita gunia moja halikujaa.

Kwa hiyo beba daftari, siyo simu tu, simu zinapotea na foto zake. Andika tarehe, watu wangapi, miche mingapi ya mbegu, machipukizi mangapi ya mizizi, majike mangapi yenye utepe, na miche gani ya asili mmeiona. Piga foto moja ukiwa umesimama kwenye kigingi kile kile, unaangalia upande ule ule, kila safari.

Kabla hamjatoka msituni, mkiwa bado na matope mikononi, kubalianeni tarehe ya kurudi na muiandike kwa kalamu ya rangi kwenye kigingi chenyewe. Kamba ya katani anakwenda nayo mtu mmoja nyumbani, kila safari mtu mwingine, na huyo mwenye kamba ndiye anayewapigia wenzake simu wiki moja kabla.